Nidhamu za kiroho mwaka huu: kabla hujaanza, jua utarudi vipi ukilegea

#1 Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na heri ya mwaka mpya.

Kila Januari maazimio ni yale yale. Nitasoma Biblia yote. Nitaamka alfajiri niombe. Nitafunga kila wiki. Ikifika Machi wengi wamenyamaza, na hapo linaingia tatizo kubwa kuliko uvivu: mtu anaanza kumkwepa Mungu kama anavyomkwepa mtu anayemdai. Anaona aibu kuomba kwa sababu ana wiki kadhaa hajaomba. Hafungui Biblia kwa sababu akiifungua ataona alipoishia. Watu wengi wazuri wamepotelea hapo. Hawakuwa wameacha imani, walikuwa wameacha ratiba tu, kisha aibu ikamalizia kilichobaki.

Ndiyo maana sitaki uzi huu uwe orodha nyingine ya mambo ya kuongeza. Ninachowasihi ni hiki: chagua machache, yashike kwa kiwango unachokiweza hata siku mbaya, na amua leo, moto ukiwa bado unawaka, utarudi kwa njia gani siku ukipungua.

Tuanze na msingi. Paulo anamwambia Timotheo "ujizoeze kupata utauwa" (1 Timotheo 4:7), na mstari unaofuata anataja mazoezi ya mwili. Mazoezi hayafanywi kwa ajili ya mazoezi. Kusoma Neno, kuomba, kufunga, kukaa kimya mbele za Mungu, kutoa, kupumzika, kuungama, kukusanyika na wenzako, hakuna hata moja kati ya haya linalomfanya Mungu akupende zaidi ya anavyokupenda sasa. Yule Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma na akatoa zaka katika mapato yake yote. Ratiba yake ilikuwa kamili, lakini aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki ni mtoza ushuru aliyekuwa akijipigapiga kifua. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mwaka unakwenda vizuri, usihesabu sura ulizosoma. Waulize unaoishi nao kama siku hizi unasikiliza zaidi, kama hasira imepungua, kama unaomba msamaha upesi kuliko zamani.

KUSOMA NENO. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi tunaanzia na ndipo wengi tunaishia.

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na kitu. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Lakini angalia kinachotokea ukianza Mwanzo 1 tarehe 1 Januari kwa sura tatu kila siku: tarehe 25 unafika Kutoka 25, penye vipimo vya maskani, mapazia na vitanzi vyake, na tarehe 31 unaingia Mambo ya Walawi. Yaani mapema sana, kabla mazoea hayajashika, unakutana na sehemu inayohitaji msaada wa kuelewa kuliko karibu sehemu nyingine zote. Mtu anakwama, anafikiri kasoro ni yake, anaacha.

Ushauri wangu kwa anayeanza au anayerudi: Agano Jipya lina sura 260. Soma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki 52 zitakufikisha mwisho kamili, na kila wiki una siku mbili za kufidia ulichoruka au kurudia kilichokugusa. Ongeza zaburi moja ukiweza. Hii ndiyo ratiba ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndani yake kuna nafasi ya kuanguka na kusimama.

Wenye nguvu zaidi wanaweza kutumia ratiba ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Scotland. Aliwaandalia washirika wake mwishoni mwa 1842 kwa ajili ya mwaka 1843: karibu sura nne kwa siku, Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Watu wanaitumia mpaka leo. Kinachonigusa ni kwamba katika waraka uleule wa kuitambulisha aliwaonya juu ya hatari zake: kusoma kwa desturi tu bila moyo, kujiona mwenye haki kwa kuwa umetimiza kipande cha siku, kusoma harakaharaka, na kwa wengine ratiba kugeuka nira nzito isiyobebeka. Mchungaji anawapa watu wake chombo, na mkono uleule unawaonyesha kinavyoweza kuwajeruhi. Yeye mwenyewe alifariki Machi 25, 1843, akiwa na miaka 29, mwaka wa ratiba yake ukiwa haujafika hata robo.

Na kusoma siyo kumaliza. Katika karne ya 12 mtawa mmoja aitwaye Guigo wa Pili aliandika juu ya ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu. Ukisoma sura nzima halafu mstari mmoja ukakushika, simama hapo. Urudie polepole. Ugeuze kuwa ombi. Sura iliyobaki itakusubiri.

MAOMBI. Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35). Wengi tunaukazia ule muda. Mimi naona mahali pana uzito uleule, kwa sababu pale pale alipokuwa akiomba wanafunzi walikuja kumwambia watu wote wanamtafuta. Kama Bwana mwenyewe ilimbidi atoke penye watu ili aombe, basi simu ikikaa mkononi wakati wa maombi usishangae maombi hayaendi. Iache chumba kingine. Kama huna chumba kingine, izime.

Kwa wale ambao akili inazurura: mwaka 1535 kinyozi wake Martin Luther, jina lake Peter, alitaka kujua namna ya kuomba, na Luther akamjibu kwa maandishi marefu. Alimshauri achukue Sala ya Bwana ombi moja moja, na kila ombi alipanue kwa maneno yake. Amri Kumi nazo vilevile: katika kila amri kuna jambo la kujifunza, la kushukuru, la kuungama na la kuomba. Pia alimwonya ajihadhari na wazo linalosema subiri kidogo, nitaomba baada ya saa moja, kwanza nimalize hili. Karibu miaka 500 imepita na wazo hilo bado linatutembelea kila asubuhi. Anza na dakika kumi za Sala ya Bwana kwa namna hiyo. Baba yetu uliye mbinguni: kaa hapo mpaka ukumbuke kweli kwamba una Baba.

KUFUNGA. Mfungo wa siku 21 wa Januari wengi tunaufahamu, na msingi wake ni Danieli 10. Tusome vizuri. Danieli hakukaa majuma matatu bila kula. Hakula chakula kitamu, nyama na divai havikuingia kinywani mwake, wala hakujipaka mafuta. Alikuwa akiomboleza. Kwa hiyo ukila chakula cha kawaida kisicho na anasa kwa siku 21 hujafanya mfungo wa daraja la pili, umefanya kama Danieli alivyofanya.

Wakristo wa mwanzo walikuwa na mwendo tulivu zaidi. Maandishi yaitwayo Didache, ya zamani karibu sawa na Agano Jipya lenyewe, yanaelekeza kufunga Jumatano na Ijumaa, na kusali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Huo ni mwendo wa mwaka mzima, hauishi Januari. Mimi ningechagua mlo mmoja kila wiki kwa mwaka mzima kuliko siku 21 za moto zikifuatiwa na miezi 11 ya majivu.

Na Isaya 58 isomeni kabla ya kufunga, tafadhali. Watu wale walifunga wakamlalamikia Mungu kwamba haoni, na Mungu akawaambia siku hiyohiyo ya kufunga kwenu mnawalemea wanaowafanyia kazi, mnagombana na kupigana ngumi. Saumu aliyoichagua yeye ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Ule mlo ulioacha, gharama yake impate mtu.

Kuhusu kutoa na kupumzika sisemi mengi. Toa kwa siri kama Mathayo 6 inavyosema. Tenga siku moja ya kupumzika kweli, maana "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu" (Marko 2:27).

Sasa KURUDI. Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani, alipokuwa kijana wa miaka 18 na 19, kati ya 1722 na 1723, aliandika maazimio 70. Ni mengi, na mengine ni makali mno. Lakini angalia alivyoyapanga. Kabla ya azimio la kwanza alikiri kwamba bila msaada wa Mungu hawezi kufanya lolote, akaomba neema ya kuyatimiza kadiri yanavyokubaliana na mapenzi yake. Halafu azimio la tatu kabisa linahusu siku atakapoanguka na kupoa: atakapojirudia, atatubu kila anachokikumbuka. Bado hajafika hata la kumi, ameshaandika mlango wa kurudia. Hapo ndipo ninapowataka muige.

Chukua karatasi. Upande mmoja andika mambo mawili au matatu, yasizidi. Upande wa pili andika hivi: nikikosa siku moja, kesho naendelea na sura ya kesho, silipi deni. Nikikosa wiki, namwambia fulani (mtaje jina). Nikikosa mwezi, naanza na Zaburi 51 au Luka 15, kisha nafungua palepale kalenda ilipo leo. Weka karatasi hiyo ndani ya Biblia.

Karibuni tujadiliane.

#2 Mchangiaji

Ubarikiwe mtumishi. Swali langu ni la kufunga. Nina kisukari na natumia sindano za insulini. Kila Januari kanisa likitangaza mfungo najiona Mkristo nusu. Wengine wanasema nifunge kwa imani.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, wewe siyo Mkristo nusu, na nasikitika sana kwamba umebebeshwa hilo. Anayetumia insulini akiacha kula bila mwongozo wa daktari sukari inaweza kushuka ghafla, na sukari ikishuka sana mtu anaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Usifunge chakula, wala usiguse dozi yako, bila kuzungumza na daktari wako. Nalisema hilo pia kwa wajawazito, wanaonyonyesha, wenye vidonda vya tumbo, wanaotumia dawa zinazotakiwa kumezwa na chakula, na waliowahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima kula.

Kufunga ni kujinyima kitu halali ili moyo umgeukie Mungu. Wewe funga mitandao kuanzia jioni mpaka asubuhi. Funga kununua chochote kisicho cha lazima kwa wiki tatu, na fedha hizo zimfikie mhitaji. Wenzako wakikusanyika kuomba, nenda ukiwa umekula. Na kama kuna mchungaji anasoma hapa, tafadhali unapotangaza mfungo watangazie na hawa njia yao, palepale madhabahuni, wasilazimike kujificha.

#4 Mchangiaji

Mleta mada, kwa heshima naomba nipingane nawe. Tumeokolewa kwa neema. Ratiba, karatasi, siku za kufunga, hivi siyo kuwarudisha watu chini ya sheria? Roho akinigusa naomba, asiponigusa silazimishi.

#5 Mleta uzi

Asante kwa kusema wazi, mkuu. Hofu yako ni halali. Kuna watu ratiba imewafanya wakavu na wenye kuhukumu, na kwa mtu wa namna hiyo ningemwambia aiache kwa muda.

Lakini Wafilipi 2:12-13 inaweka yote mawili katika pumzi moja: utimizeni wokovu wenu, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Neema inapingana na kujipatia haki kwa matendo. Haipingani na bidii, kwa maana Paulo huyohuyo anasema alifanya kazi kupita wote, kisha anaongeza kwamba si yeye, bali neema ya Mungu pamoja naye (1 Wakorintho 15:10).

Na hilo la kusubiri kuguswa, nakuomba ulifikirie tena. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku (Danieli 6:10). Siku amri ya mfalme ilipotiwa sahihi alifanya "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo." Sidhani asubuhi ile alikuwa na hisia nzuri, alikuwa na tundu la simba mbele yake. Mazoea aliyoyajenga siku za amani ndiyo yaliyompeleka dirishani. Petro na Yohana nao walikuwa wakipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa (Matendo 3:1), siku waliyokutana na kiwete mlangoni. Roho aliwakuta kwenye ratiba yao.

#6 Mchangiaji

Naomba kuuliza kama mama. Nina mtoto mchanga na mwingine mdogo. Usiku silali. Hizo dakika kumi za utulivu ni ndoto. Nifanyeje nisipoe kabisa?

#7 Mchangiaji

Dada yangu, nimelea watoto watano, wote sasa ni watu wazima. Kipindi hicho nilibandika mstari mmoja ukutani pale nilipokuwa nikikaa kunyonyesha, naubadilisha kila Jumapili. Mstari mmoja wiki nzima. Usiku wa manane mtoto akinyonya naurudia kimoyomoyo. Nina mistari ya wakati ule ambayo mpaka leo naikumbuka kuliko yoyote niliyoisoma nikiwa na nafasi. Na baba watoto amchukue mtoto angalau kidogo kila siku. Hilo nalo ni jambo la kiroho.

#8 Mleta uzi

Mama amesema yote, sina la kuongeza isipokuwa kumuunga mkono kwenye sentensi ya mwisho. Akina baba, mkeo akikosa nafasi ya kuomba mwaka mzima huku wewe unakesha kwenye maombi, ratiba yako ina kasoro.

Jambo moja kwa mama: kuna mtawa wa Paris aliyejulikana kama Ndugu Lawrence, aliyefariki 1691. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa jikoni. Anakumbukwa kwa kuzungumza na Mungu katikati ya kazi hiyo, bila kuitenganisha na saa ya sala. Mungu yupo hapo ulipo na mtoto. Usingizi ukipatikana, lala kwa amani. Eliya alipochoka hata kuomba afe, Mungu alimlaza, akamlisha, akamlaza tena, ndipo akazungumza naye (1 Wafalme 19).

#9 Mchangiaji

Mimi nasoma na naomba kila siku, siruki. Lakini ni miezi sasa sihisi chochote. Ni kama naongea na dari. Nina kosa gani?

#10 Mleta uzi

Mpendwa, inawezekana huna kosa lolote. Jichunguze, ndiyo: kuna dhambi unayoificha, kuna mtu hujamsamehe? Ukiona kitu, kishughulikie. Usipoona, usichimbe mpaka ujijeruhi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi 88 inakwenda mbali zaidi, inaishia gizani bila kupata jibu, na Mungu ameiacha ndani ya Biblia ili mtu kama wewe awe na maneno ya kuomba. Isome kwa sauti. Kumwambia Mungu kwamba humsikii ni maombi.

Lakini niulize kwa upendo: je, ni maombi tu, au na chakula hakina ladha, usingizi umepotea, vitu ulivyovipenda havikuvutii? Kama ni hivyo, mwone na daktari, siyo mchungaji peke yake. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Ukifikia kuwaza kujidhuru, usisubiri siku nyingine. Mwambie leo mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali.

Tuandikie tena baada ya siku chache, tafadhali. Nitakuombea kwa jina ulilotumia hapa, Mungu anajua ni nani.

#11 Mchangiaji

Mtumishi, kwenye karatasi ulisema mtaje fulani wa kumwambia ukikosa wiki. Nimpate wapi? Niliwahi kumweleza mtu mambo yangu, nikayasikia kwa wengine.

#12 Mleta uzi

Pole sana. Kusalitiwa hivyo kunafunga mdomo kwa miaka, na sikulaumu.

Usianze kwa kumweleza siri. Anza kwa kumwomba jambo dogo: kila Jumamosi niulize kama nimesoma, nami nikuulize. Mtazame miezi miwili mitatu. Anawasemaje watu wengine mbele yako? Anayekuletea ya wenzake atawapelekea na yako. Awe wa jinsia yako, na ikiwezekana asiwe mtu ambaye kazi yako au cheo chako kanisani kinamtegemea.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, na wenzake walikutana katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, kwa kanuni alizoziandika Desemba 1738. Kila mmoja alieleza kwa uwazi hali ya nafsi yake tangu walipoachana: amekosea wapi, amejaribiwa na nini, ameokolewaje. Na aliyetaka kujiunga aliulizwa kwanza kama yuko tayari kuambiwa makosa yake. Ninyi wawili mkiweza, ulizaneni matatu tu: umekutana na Mungu wapi wiki hii, umejikwaa wapi, na nikuombee nini. Halafu ombeni hapohapo, hata kwa simu, msiahirishe.